Hifadhi Imejaa: Simu ya GB 32 Haijazeeka, Imebanwa

Onyo lenyewe ni fupi: nafasi ya hifadhi inakaribia kuisha, baadhi ya huduma za mfumo huenda zisifanye kazi. Wengi hulipangusa kwa kidole na kuendelea kuchati. Kwa kanuni iliyoandikwa ndani ya Android yenyewe, onyo hilo hutoka pale nafasi iliyobaki inapofika asilimia 5 ya hifadhi au MB 500, kutegemea kipi ni kidogo. Kwenye simu ya GB 32, asilimia 5 ni GB 1.6, kwa hiyo kipimo kinachotumika ni MB 500. Simu inapiga kelele ikiwa imeshakabwa koo. Dalili zilianza siku nyingi kabla: kamera inachelewa kufunguka, kibodi inatokea ukiwa umeshasahau ulichotaka kuandika, WhatsApp inaonyesha skrini nyeupe kwanza ndipo ilete majina.

Simu yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zinazofanya kazi) ya GB 2 na hifadhi ya GB 32 ikifika hapo, mwenyewe huipeleka kwa fundi ikaflashiwe, au hupakua programu ya "kusafisha simu", au huiuza kwa bei ya kutupa. Hatua zote tatu hupapasa mahali pasipo na ugonjwa. Nyingi ya simu hizi zinazoitwa mbovu zina skrini nzima, prosesa nzima na betri ambayo bado inafika jioni. Kilichozikaba ni mafaili ambayo mwenye simu hajui kama yapo, yamekaa kwenye folda ambazo hajawahi kuzifungua. Ni folda zinazofikika kwa dakika chache, bila kompyuta na bila fundi.

Zile GB 32 zimekwenda wapi

Kiwandani, GB moja huhesabiwa kuwa baiti bilioni moja. Kompyuta ya Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024, na kwa hesabu hiyo GB 32 husomeka 29.8. Hapo hakuna aliyeibiwa. Ulaji wa kweli unaanza na mfumo: Android pamoja na mapambo ya mtengenezaji na programu alizozipachika huchukua, kwenye simu nyingi za daraja hili, kati ya GB 10 na 14. Unabaki na kama GB 18 za kwako.

Lakini mfumo una tabia moja ambayo wachache wanaijua. Programu zilizokuja na simu, kama YouTube, Ramani za Google na mengineyo, zimeandikwa kwenye sehemu ya hifadhi ambayo husomwa tu, haiandikwi juu yake. Zinaposasishwa, toleo jipya haliwezi kukaa pale, hivyo huwekwa kwenye sehemu yako. Toleo la kiwandani linabaki pale pale bila kazi. Programu moja, nakala mbili, na ya pili inakaa kwenye chumba chako. Kama huitumii, nenda Mipangilio, kisha Programu, iguse, bonyeza nukta tatu za juu, uchague kuondoa masasisho, halafu uizime. Mfumo utaacha kuisasisha na nafasi yake inarudi yote. Fanya hivyo kwa programu tano au sita ambazo hujawahi kuzifungua, na mara nyingi utapata zaidi ya GB 1.

Usiguse mbili: Huduma za Google Play, na Android System WebView. Hiyo WebView ndiyo kioo ambacho programu nyingine hutumia kuonyesha kurasa za wavuti ndani yake. Machi 2021 sasisho moja bovu la WebView lilifanya programu nyingi duniani zifunguke na kufa papo hapo, Gmail ikiwemo, na watu wakahangaika kufuta programu zisizo na kosa. Kijipande kisicho na hata alama yake kwenye skrini ya mwanzo kinaweza kuangusha nusu ya simu.

Ukigusa programu yoyote kwenye orodha hiyo na kufungua sehemu ya hifadhi, utaona namba tatu: ukubwa wa programu, data, na akiba. Hizi zinachanganywa sana. Ukubwa wa programu ni kile ulichopakua pamoja na nyongeza ambayo Android huitengeneza yenyewe. Tangu Android 7, simu hutazama sehemu za programu unazozitumia mara kwa mara, ikazitafsiri mapema kwa lugha ya prosesa ili zifunguke haraka, na tafsiri hiyo inahitaji mahali pa kukaa. Ndiyo maana programu inayosomeka MB 60 kwenye Play Store inakuwa MB 150 mfukoni.

Akiba ni vitu vya muda: picha ndogo ndogo, vipande vya video, kurasa ulizokwisha kuona. Kuifuta hakukupotezei kitu, ila programu itavuta vitu hivyo upya, na kwa mtu anayetumia bando huo ni ubadhirifu. Kufuta akiba ya programu zote kila siku ni sawa na kumwaga maji ya mtungi kila jioni ili asubuhi uende tena kisimani. Ifute pale tu ambapo imevimba kupita kiasi, MB 500 kwenda juu.

Data ndiyo ya kuogopa. Humo mna akaunti yako, mazungumzo, mipangilio, rasimu za ujumbe. Kitufe cha kufuta data kimekaa jirani kabisa na cha kufuta akiba, na vidole vinakosea. Soma mara mbili kabla ya kukubali.

Ndani ya folda ya WhatsApp

Kwenye simu nyingi, hapa ndipo penye mzigo mkubwa kuliko kwingine kote. Fungua programu ya mafaili, iwe Files ya Google au ile iliyokuja na simu, ingia hifadhi ya ndani, kisha Android, kisha media, kisha com.whatsapp, WhatsApp, Media. Kwenye simu za zamani, kabla Android 11 haijabadilisha utaratibu wa hifadhi, folda ya WhatsApp ilikaa nje kabisa mwanzoni mwa hifadhi. Kama simu yako ilisasishwa kutoka huko, tazama kote kuwili, kwa sababu mabaki yanaweza kuwa bado yapo.

Ndani ya Media utakuta folda kwa aina: WhatsApp Images, WhatsApp Video, WhatsApp Voice Notes, WhatsApp Documents na nyinginezo. Majina ya mafaili yanaeleza habari yake. IMG-20240512-WA0003 ni picha ya tarehe 12 Mei 2024, ya nne kuhesabiwa siku hiyo, maana hesabu huanza na sifuri. Jumbe za sauti zimepangwa kwa wiki: folda yenye namba 202420 ni wiki ya 20 ya mwaka 2024, na kila ujumbe ni faili la PTT lenye mwisho wa .opus. Sauti hizi ni nyepesi sana, na dakika nzima ya maongezi haifikishi nusu ya MB. Kwa hiyo anayefuta vois za mama yake ili apate nafasi anajinyima kumbukumbu bila faida. Ziache.

Sasa ingia WhatsApp Images, utafute folda iitwayo Sent. Kila picha uliyoituma kutoka kwenye kamera imezaa nakala iliyobanwa, ikawekwa humu. Picha halisi bado iko kwenye folda ya kamera, iitwayo DCIM. Video nazo zina Sent yao, na huko ndiko kwenye uzito. Lakini ukifungua galari huzioni, kwa sababu ndani ya Sent kuna faili tupu liitwalo .nomedia, ambalo kazi yake pekee ni kuiambia galari ipite bila kuangalia. Mtu anaweza kufuta picha za galari mpaka machozi yamtoke huku Sent ya video ina GB 3 ambazo hajawahi kuziona. Ukihakikisha kwamba video halisi unazo, au huzihitaji tena, futa vilivyomo kwenye Sent. Kwenye mazungumzo vitabaki vivuli vya ukungu tu.

Hilo la vivuli lieleweke vizuri, maana ndilo linaloumiza watu. Ukifuta faili kwenye folda, ujumbe wake unabaki kwenye mazungumzo, na wengi hudhani wataugusa upakue tena. WhatsApp haihifadhi picha zako kwenye seva zake, yaani kompyuta zake za mtandaoni, milele. Muda ukipita, ukigusa utaambiwa faili halipo na umwombe aliyekutumia alitume upya. Kwa hiyo picha za harusi, za msiba, vyeti na risiti za ada hamisha kwanza, ndipo ufute.

Kwa asiyependa kuzama kwenye mafolda, WhatsApp yenyewe ina njia: Mipangilio, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi. Itakuonyesha mafaili yaliyozidi MB 5, yaliyosambazwa mara nyingi, na chini yake mazungumzo yote yakiwa yamepangwa kwa uzito. Karibu kila mara wa kwanza kwenye orodha ni magrupu: la ukoo, la kanisa au msikiti, la kamati ya harusi iliyokwisha kufanyika mwaka juzi. Anza na yaliyosambazwa mara nyingi, kwa sababu hizo ni video za vichekesho na mahubiri ambazo hakuna atakayezitafuta tena. Video ileile ikipakiwa upya na watu wawili kwenye magrupu mawili, kwako inakuwa mafaili mawili kamili.

Kisha ziba tundu. Hapo hapo kwenye Hifadhi na data kuna upakuaji wa media wa kiotomatiki, umegawanywa mara tatu: ukiwa kwenye data ya simu, ukiwa kwenye Wi-Fi, na ukiwa nje ya mtandao wa laini yako, kama unaposafiri nchi nyingine (roaming). Kwa kawaida Wi-Fi imeruhusiwa kila kitu, video na nyaraka zikiwemo. Ndiyo sababu mtu anakwenda kazini kwenye Wi-Fi ya ofisi asubuhi na kurudi jioni simu imejaa. Ondoa alama zote kwenye data ya simu, na kwenye Wi-Fi acha picha peke yake. Vois zitaendelea kuingia zenyewe, hizo hazizuiliki, na kama nilivyosema, hazina uzito. Wanaotegemea jumbe za kutoweka wajue kwamba ujumbe hutoweka kwenye mazungumzo, ila picha iliyokwisha kuingia galari kwa upakuaji wa kiotomatiki hubaki palepale.

Kuna folda nyingine mbili. Databases ina nakala za mazungumzo yako, moja kwa kila siku, za siku saba hivi za mwisho. Kwa mtu mwenye magrupu mengi kila nakala inaweza kufika MB mia kadhaa. Zenye tarehe kwenye jina unaweza kuzifuta. Ile isiyo na tarehe, inayoanza na msgstore.db.crypt, iache, ndiyo ya mwisho na ndiyo itakayokuokoa WhatsApp ikigoma kufunguka. Ya pili ni .Statuses, yenye nukta mbele ya jina, ambayo haionekani mpaka uruhusu mafaili yaliyofichwa. Stetasi ulizozitazama zimepita humo, na WhatsApp huifagia yenyewe. Usisumbuke nayo.

Wenye laini mbili wana tatizo lao. Wengi walitengeneza WhatsApp ya pili kwa kutumia kipengele cha kunakili programu kilichomo kwenye simu, au wakaweka zile WhatsApp za kubadilishwa zisizotoka kwa wenyewe. Kila moja ina folda yake kamili, na kama uko kwenye magrupu yaleyale kwa namba zote mbili, kila video inakaa mara mbili. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp rasmi inaruhusu akaunti mbili ndani ya programu moja kwenye Android: gusa mshale ulio pembeni ya jina lako kwenye mipangilio, ongeza akaunti, ingiza namba ya pili. Zile za kubadilishwa ziondoe. Mbali na kula nafasi, mazungumzo yako yanaweza kupita mikononi mwa mtu usiyemjua, na akaunti inaweza kufungiwa wakati wowote.

Wengine wenye matumbo

Telegram ni rahisi kuliko WhatsApp, kwa sababu vitu vyake vyote, isipokuwa mazungumzo ya siri, vinakaa kwenye seva zake na vinapakulika tena. Nenda kwenye mipangilio ya data na hifadhi, fungua matumizi ya hifadhi, weka media ikae siku tatu au wiki moja badala ya daima, na uweke kikomo cha akiba. Anayefuata chaneli za filamu atashangaa. TikTok ina sehemu ya kuachia nafasi ndani ya mipangilio yake. Futa akiba hapo.

Kamera inahitaji uamuzi mmoja. Video ya ubora wa 1080p kwa kawaida huandikwa kwa kasi ya megabiti 17 hivi kwa sekunde, ambayo ni kama MB 127 kwa dakika. Dakika kumi za send-off ni karibu GB 1.3. Kama video inakwenda kwenye grupu, ambako itabanwa tena hata hivyo, piga kwa ubora wa chini, 720p. Kama ni ya kutunza, piga kwa 1080p na uihamishe wiki hiyohiyo.

Halafu kuna lile linalowakatisha watu tamaa kuliko yote: wamefuta, wamefuta, na namba haijasogea. Sababu ni tupio. Files ya Google hutunza ulichokifuta kwa siku 30. Google Photos hukitunza siku 60 kama kilikuwa kimehifadhiwa kwenye akaunti. Kikiwa ndani ya tupio la simu, bado kinakula nafasi ileile. Fungua tupio la kila programu uliyofutia, ulimwage.

Kwa nini kujaa kunaleta uzito

Hili wengi hulichukulia kama imani, lakini lina sababu ya kimaumbile. Simu hizi hutumia hifadhi ya aina ya eMMC, na ndani yake kuna vijumba vidogo vilivyopangwa kwenye mafungu makubwa. Kuandika kunaweza kufanyika kwa kipande kidogo cha KB chache, lakini kufuta lazima kufanyike kwa fungu zima, na hakuna kuandika juu ya kilichokwisha kuandikwa. Nafasi ikiwepo, kidhibiti cha hifadhi huandika kwenye fungu tupu na kuendelea. Ikiwa imejaa, kuandika kipande kimoja kunamlazimu kidhibiti kutafuta fungu lenye vipande vilivyokwisha kufutwa, kuvihamisha vilivyo hai, kulifuta fungu zima, ndipo aandike. Ni stoo iliyopangwa magunia hadi darini: kuingiza gunia moja lazima utoe kumi nje kwanza. Na WhatsApp huandika kwenye hifadhidata yake kila ujumbe unapoingia.

Android ina njia ya kusaidia. Usiku, simu ikiwa imetulia na iko kwenye chaji, huiambia hifadhi ni vipande gani havihitajiki tena ili kidhibiti kivifagie mapema. Anayechaji simu saa moja moja mchana kwa pawabenki na kuizima usiku huinyima nafasi hiyo. Kwa simu ya GB 32, kanuni yangu ni kutoruhusu nafasi iliyobaki ishuke chini ya GB 4. Hata kusasisha kunaihitaji: programu ya MB 80 inataka mahali pa kupakuliwa, mahali pa kufunguliwa, na mahali pa ile tafsiri ya prosesa, huku toleo la zamani likiwa bado lipo. Ndiyo maana unaambiwa nafasi haitoshi huku ukiona MB 300 wazi.

Dawa zisizotibu

Programu za kusafisha simu huonyesha duara linalozunguka, kisha zinatangaza kwamba zimeachia RAM. Kilichofanyika ni kuzifunga kwa nguvu programu zilizokuwa zimepumzika. Android huziacha kwenye RAM kwa makusudi ili zirudi haraka, na nafasi ikihitajika inazitoa yenyewe, ikianza na zile usizozigusa muda mrefu. Ukizifunga kwa nguvu, WhatsApp na wenzake huanza upya kutoka kwenye hifadhi, ambayo ndiyo iliyochoka, na betri inaliwa mara mbili. Wengine huanza kulalamika kwamba jumbe haziingii mpaka wafungue programu. Iondoe hiyo ya kusafisha, au kama imekuja na simu, izime.

Nyongeza ya RAM, ile inayoandikwa GB 2 + 2, huchukua sehemu ya hifadhi na kuifanya RAM ya bandia. Kwenye simu yenye hifadhi kubwa na ya kasi, sawa. Kwenye eMMC iliyojaa, umechukua GB 2 kutoka kwenye chumba kilichobanwa ili uandike humo mfululizo kwa kasi ya kobe. Izime kwenye mipangilio, uzime simu na kuiwasha, kisha pima kwa wiki moja.

Kufomati hufanya kazi, lakini kwa wiki chache tu, maana tundu lililojaza simu halikuzibwa. Na ina mtego. Tangu Android 5.1, simu iliyofomatiwa bila kutoa akaunti ya Google kwanza inaweza kuomba barua pepe na nywila ya akaunti iliyokuwemo. Wapo wengi ambao Gmail yao ilifunguliwa na muuzaji dukani siku ya kununua simu, na nywila wanayo yeye na Mungu. Kabla ya kuruhusu mtu yeyote kufomati, ingia kwenye akaunti hiyo kutoka simu nyingine. Ukishindwa, rekebisha hilo kwanza.

Kadi ya memori inasaidia kweli, ikitumika kwa kazi yake: picha, video, miziki, PDF. Usihamishie programu. Ukilazimika, tafuta yenye alama ya A1 au A2, ambayo imeahidi kasi ya kusoma na kuandika vipande vidogo. A1 ni angalau mara 1,500 za kusoma na 500 za kuandika kwa sekunde. Kadi za bei ya ajabu mara nyingi ni za GB 8 zilizodanganywa kusema 64. Zinapokea mafaili bila kulalamika, kisha ukifungua picha za mwezi jana unakuta nusu ni za kijivu. Kabla ya kuiamini, ichomeke kwenye kompyuta na uipime kwa H2testw, ambayo huijaza data hadi mwisho na kuisoma tena. Kwa kadi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde, kuandika peke yake ni karibu saa moja na dakika 47. Kasubiri.

Wepesi unawezekana

Ninapenda programu nyepesi kwa moyo wote, kwa sababu zinathibitisha kwamba uzito ni uamuzi wa mtu. Facebook Lite ilitoka mwaka 2015, na hila yake ni kwamba kazi nzito inafanywa na seva, simu inapokea matokeo ya kuchora tu. Opera Mini hupitisha kurasa kwenye seva zake na kuzibana kabla hazijakufikia, na ndiyo maana MB 100 zinakaa nayo siku nyingi. Ila kwa ubanaji wake wa juu kabisa, seva hiyo inaona ukurasa wako, hivyo mambo ya benki fanyia kwenye Chrome. Tovuti nyingi zinaweza kuwekwa kwenye skrini ya mwanzo kutoka menyu ya Chrome, zikawa kama programu huku zikila KB tu.

Na pesa za simu? Kama nafasi ni ya kugombania, programu ya kutumia pesa si lazima. *150*00# ya M-Pesa Tanzania na *334# ya Kenya hupita kwenye njia ya mawasiliano ya mnara, bila bando, hata penye 2G. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kujengea watu imani kwenye simu ambazo hazikuwa na hifadhi ya kuzungumzia.

Wanaoandika programu Dar, Nairobi na Kampala nawaomba kitu kimoja: shikeni simu ya RAM GB 2 mkononi kila kabla ya kutoa toleo jipya. Picha ya ukurasa wa mwanzo yenye MB 4 haionekani kwenye simu ya msanifu, inaonekana kwa mama lishe anayesubiri menyu ifunguke huku wateja wamesimama. Tumieni pia mfumo wa vifurushi vya programu (App Bundle) wa Play, ambao tangu Agosti 2021 ni lazima kwa programu mpya. Unampa kila mtu vipande vya simu yake tu. Hilo pia linaeleza kwa nini programu aliyokurushia rafiki kwa Xender inakataa kuingia: umepokea vipande vilivyokatwa kwa ajili ya prosesa na skrini ya simu yake.

Kwa mwenye simu, kazi yote inatoshea Jumamosi mchana. Hamisha vya thamani kwanza, kwenye kadi iliyopimwa au kwenye kompyuta. Futa Sent ya video, kisha yaliyosambazwa mara nyingi, kisha nakala za tarehe kwenye Databases. Punguza Telegram. Ondoa masasisho ya programu usizozitumia na uzizime. Mwaga matupio. Zima upakuaji wa kiotomatiki na ile RAM ya bandia. Mwisho nenda Kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara saba ili ufungue mipangilio ya wasanidi, na ushushe vipimo vitatu vya uhuishaji kutoka 1x hadi 0.5x; simu haitaongezeka kasi yenyewe, ila itaacha kukuchelewesha kwa madoido. Kama bado inaganda, iwashe katika hali salama, ambapo programu ulizoongeza hazifanyi kazi. Ikiwa nyepesi huko, mkosaji ni mojawapo ya ulizopakua. Ondoa moja moja, ukianza na ya karibuni.

Usiku huo iache kwenye chaji, skrini imezimwa, isiguswe mpaka alfajiri. Asubuhi, kabla ya kufungua WhatsApp, gusa kamera uhesabu sekunde.